Setilaiti na kipimamvua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha data za mvua

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa hali ya hewa na rasilimali za maji, maofisa ugani, wahandisi wa madaraja na watu wa bima ya mazao. Mifano mingi ni ya Afrika Mashariki. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa huko kwa namba ya swali.

## Mambo ya kuanzia

1. Kituo chetu kimeandika milimita 42, setilaiti inasema 11 kwa siku hiyo hiyo. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Mdomo wa kipimamvua kinachotumika katika vituo vingi vya kwetu una kipenyo cha milimita 127, yaani eneo la sentimita za mraba 127 hivi. Pikseli moja ya IMERG, makadirio ya mvua yanayotolewa na NASA, ina upana wa nyuzi 0.1 kila upande. Karibu na ikweta hizo ni takriban kilomita 11 kwa 11, zaidi ya kilomita za mraba 120. Pikseli hiyo inauzidi mdomo wa kipimamvua karibu mara bilioni kumi.

Mvua ya radi ya alasiri inaweza kumwaga maji mtaa mmoja ikaacha vumbi mtaa wa pili. Kituo kikiwa chini ya wingu kitasoma 42, na wastani wa eneo zima ukawa 11 kweli. Kwa hiyo ile tofauti ya 31 ina sehemu mbili: makosa halisi ya setilaiti, na pengo la kawaida kati ya nukta moja na eneo zima. Kabla ya kumlaumu yeyote, sehemu hizo zitenganishwe. Namna ya kuzitenganisha iko swali la 8.

2. Setilaiti inapimaje mvua wakati hakuna tone linaloifikia?

Haipimi mvua, inapima mionzi, kisha mvua inakadiriwa. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni infraredi. Meteosat imekaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi na hupiga picha kila baada ya dakika 10 hadi 15, kutegemea kizazi (kizazi chake cha kwanza kilipiga kila nusu saa). Inachoona ni joto la kilele cha wingu. Kilele baridi maana yake wingu limepanda juu sana, na wingu la namna hiyo mara nyingi lina mvua. CHIRPS, makadirio mengine ya mvua, huhesabu muda ambao vilele vilikuwa chini ya kelvini 235, yaani karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading nayo inategemea muda wa mawingu baridi.

Ya pili ni mikrowevu, ambayo huingia ndani ya wingu. Baharini huona mionzi ya matone yenyewe. Nchi kavu, ardhi nayo inatoa mionzi mingi, kwa hiyo inabidi kutegemea barafu iliyo juu ya wingu.

Ya tatu ni rada, kama iliyokuwa ndani ya setilaiti ya TRMM (1997 hadi 2015) na iliyo ndani ya GPM tangu 2014. Hii ndiyo bora kuliko zote, ila inapiga ukanda mwembamba na inaweza kupita juu ya wilaya yako mvua ikiwa bado haijaanza au imekwisha.

3. Kipimamvua si ndicho ukweli wenyewe?

Ni ukweli wa pale kilipo, tena wenye kasoro zake. Upepo hupeperusha matone yasiingie mdomoni. Kwa mvua ya kawaida hasara hiyo huwa kati ya asilimia 2 na 10, na huzidi kwa matone madogo. Vipimamvua vya kisasa vya vijiko vinavyopinduka huhesabu mipinduko, mara nyingi milimita 0.2 kwa kila mpinduko, na mvua ikiwa kali sana vijiko havipinduki haraka ya kutosha. Jani moja likiziba tundu la faneli, chombo kitaripoti ukame katikati ya masika. Halafu kitaanza kutoa manyunyu siku ambayo jua linawaka, maji yakijipenyeza kidogo kidogo. Ukikuta siku tatu za 0.2, 0.2, 0.4 baada ya wiki ya sifuri huku majirani wote wameloa, muulize mtu aliye karibu na kituo kabla ya kuilaumu setilaiti.

Kuna na makosa ya kibinadamu. Jumamosi na Jumapili hazikusomwa, Jumatatu ikaandikwa jumla ya siku tatu. Au siku isiyosomwa ikaandikwa sifuri badala ya kuachwa wazi. Hili la mwisho ndilo linaloharibu hesabu kuliko yote, kwa sababu sifuri ya uongo inafanana kabisa na sifuri ya kweli.

Na vipimamvua ni vichache mno. Utafiti wa Chris Kidd na wenzake uliochapishwa 2017 ulijumlisha midomo ya vipimamvua vyote duniani ambavyo data zake zinapatikana: vyote pamoja havijazi hata nusu ya uwanja wa mpira wa miguu.

4. Nitumie data ipi: IMERG, CHIRPS au TAMSAT?

Inategemea swali lako. IMERG ina hatua za nusu saa, kwa hiyo inafaa kwa mafuriko na matukio ya saa chache. CHIRPS inaanzia 1981 na pikseli zake ni nyuzi 0.05, TAMSAT inaanzia 1983 na imetengenezwa kwa ajili ya Afrika. Hizo mbili zinafaa zaidi kwa kilimo na ukame. Usichague kwa kuangalia makala iliyofanyiwa nchi nyingine. Mshindi wa Ethiopia anaweza kushindwa Mtwara.

## Saa na tarehe

5. Nikilinganisha siku kwa siku matokeo ni mabaya, nikijumlisha kwa mwezi yanapendeza. Kwa nini?

Sababu mojawapo ni kwamba makosa ya siku moja moja hufutana ukijumlisha. Hilo ni la kawaida. Lakini Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ambayo watu wanaipita bila kuiona: siku ya kituo na siku ya setilaiti si siku moja.

Mpimaji wa kituo huenda kwenye kipimamvua saa tatu asubuhi, humimina maji kwenye silinda ya kioo, huinama macho yawe sawa na usawa wa maji, na kuandika. Namba hiyo ni mvua ya kuanzia saa tatu ya jana hadi saa tatu ya leo. Faili la siku la IMERG linafuata saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Siku yake inaanza saa tisa usiku na kuisha saa tisa usiku unaofuata. Basi mvua iliyonyesha saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne, setilaiti inaiweka Jumanne, wakati kwa kituo imo katika siku iliyoanza Jumatatu asubuhi.

Linaongezeka jingine: madaftari mengine huandika usomaji wa saa tatu kwa tarehe ya leo, mengine huurudisha tarehe ya jana. Nimeona daftari ambalo mtindo ulibadilika alipobadilika mpimaji. Haya yote hayana uhusiano wowote na ubora wa setilaiti, lakini yataonekana kama makosa yake.

Dawa kwa IMERG ni rahisi: chukua faili za nusu saa na uzijumlishe upya kuanzia saa tatu hadi saa tatu, 48 kwa kila siku. Kwa CHIRPS na TAMSAT huwezi, kwa sababu zote mbili hujengwa kwanza kwa jumla za siku tano, kisha jumla hizo zinagawanywa kwa siku. Ukizipima siku kwa siku unapima zaidi ule mgawanyo kuliko makadirio yenyewe. Ni haki zaidi kuzipima kwa siku tano au kwa dekadi (siku kumi hivi, tazama swali la 7).

6. Nitajuaje kama tarehe za kituo changu zimesogea?

Kokotoa uhusiano wa kitakwimu (korelesheni) mara tatu: data za kituo dhidi ya setilaiti ya siku iyo hiyo, ya siku moja kabla, na ya siku moja baada. Kama uhusiano mkubwa kuliko yote hauko kwenye siku iyo hiyo, tarehe zimesogea. Fanya hivyo kwa kila kituo, na kwa kila mwaka peke yake. Ukifanya kwa miaka 30 kwa mkupuo mmoja, miaka iliyosogea itajificha nyuma ya ile iliyo sawa.

7. Dekadi inaondoa tatizo la saa?

Inalipunguza sana. Dekadi ni vipande vitatu vya mwezi: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na 21 hadi mwisho. Kinachobaki ni mvua za mpakani, mathalani mvua kubwa ya usiku wa kuamkia tarehe 11. Zingatia pia kwamba dekadi ya tatu inaweza kuwa na siku 8 au 11, kwa hiyo usilinganishe jumla zake na za kwanza bila kugawanya kwa idadi ya siku.

## Nukta dhidi ya eneo

8. Naweza kulinganisha kituo kimoja na pikseli moja?

Unaweza, mradi usiite tofauti yote "kosa la setilaiti". Mwaka 1999 Ciach na Krajewski walieleza njia ambayo hadi leo ndiyo ya msingi. Mtawanyiko wa tofauti kati ya setilaiti na kipimamvua ni jumla ya mitawanyiko miwili: wa setilaiti dhidi ya wastani wa kweli wa eneo, na wa kipimamvua dhidi ya wastani huo huo. Ukiujua wa pili, utoe. Kinachobaki ni cha setilaiti.

Tuseme tofauti za kila siku zina mchepuko sanifu wa milimita 10. Mraba wake, yaani mtawanyiko, ni 100. Tuseme pia umekadiria kwamba kipimamvua kimoja, kwa kushindwa kuwakilisha pikseli nzima, kinachangia 40. Setilaiti inabaki na 60, na mchepuko wake ni milimita 7.7, si 10. Katika mfano huu karibu nusu ya lawama haikuwa yake.

Ugumu uko kwenye ile 40. Kuipata kunahitaji vipimamvua vingi ndani ya pikseli moja, ili uone jinsi mvua inavyofifia kulingana na umbali. Bonde la mto Brue kusini-magharibi mwa Uingereza liliwekewa vipimamvua 49 katika kilomita za mraba 135, na tafiti nyingi zimeegemea hapo. Lakini mvua ya pale kwa sehemu kubwa ni ya mawingu mapana ya msimu wa baridi. Ya kwetu ni ya radi, inakatika ghafla ndani ya kilomita chache, kwa hiyo usiazime namba ya Brue ukaiweka Tabora. Itakuwa ndogo mno, na setilaiti itabebeshwa lawama isiyo yake. Pia njia yenyewe inadhani makosa ya pande mbili hayahusiani. Tazama swali la 14.

9. Basi nichore ramani ya gridi kutokana na vituo, kisha nilinganishe gridi kwa gridi?

Hapa watu wengi wanajidanganya. Ukiwa na vituo 12 katika mkoa mzima na kuvitawanya kuwa gridi ya pikseli 400, pikseli nyingi zitakuwa na namba zilizobuniwa na fomula. Namba hizo huwa laini: mvua kubwa imepunguzwa, na siku kavu zimepewa mvua ndogo ndogo ambazo hazikuwepo. Setilaiti iliyoona vizuri ngurumo iliyopita katikati ya vituo viwili itaadhibiwa kwa kuona kitu ambacho gridi haikuwa na njia ya kukijua.

Linganisha kwenye pikseli zenye kituo ndani yake tu, na ikiwezekana zenye viwili au zaidi. Utabaki na pikseli chache. Chache za kweli ni bora.

## Vipimo vya takwimu

10. Nimepata uhusiano wa 0.9 kwa data za mwezi. Si inatosha?

Fanya jaribio hili kwanza. Ondoa setilaiti, weka mahali pake wastani wa miaka mingi wa kila mwezi: Aprili ile ile kila mwaka, Agosti ile ile kila mwaka. Kokotoa uhusiano na kituo. Dar es Salaam, ambako masika hufika kilele Aprili na Juni hadi Septemba ni kukavu, kalenda tupu itakupa namba nzuri sana bila kuona wingu hata moja.

Toa wastani wa kila mwezi pande zote mbili, kisha linganisha mabaki. Swali la maana ni kama setilaiti inajua kwamba masika ya mwaka huu ni duni kuliko ya mwaka jana. Uhusiano utashuka, wakati mwingine kwa aibu, lakini hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye ripoti.

11. Siku nyingi ni sifuri pande zote mbili. Nizihesabu?

Zihesabu peke yake. Kuna maswali mawili tofauti: mvua ilinyesha au haikunyesha, na kama ilinyesha, kiasi gani. Ukiyachanganya, maelfu ya siku kavu yatafunika kila kitu.

Kisa cha kale kinaonyesha hatari yake. Mwaka 1884 John Finley wa Marekani alitangaza kwamba utabiri wake wa vimbunga vya tornado ulikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 96. Kati ya utabiri 2,803, tornado 28 zilitabiriwa zikatokea, 72 zilitabiriwa hazikutokea, 23 zilitokea bila kutabiriwa, na mara 2,680 hakukuwa na utabiri wala tornado. Mwanajiolojia G. K. Gilbert akaonyesha kwamba mtu anayesema "hakuna tornado" kila siku bila kufikiri angekuwa sahihi kwa asilimia 98.2.

Garissa mwezi wa Agosti ni hivyo hivyo. Tumia vipimo visivyojali siku kavu za pamoja: sehemu ya siku za mvua zilizonaswa, sehemu ya tangazo la mvua lililokuwa la uongo, na kipimo kinachounganisha hayo mawili baada ya kuondoa mafanikio ya bahati, ambacho Gilbert mwenyewe alikipendekeza. Na taja kizingiti chako. Siku ya mvua ni milimita 0.2, 1 au 5? Pikseli yenye wastani wa milimita 0.3 inaweza kuwa na kituo kikavu kabisa, hivyo kizingiti cha chini sana huzalisha "mvua za uongo" ambazo si za uongo. Kwa matumizi ya kila siku mimi huanzia milimita 1.

12. Mzizi wa wastani wa makosa ya mraba una ubaya gani?

Mvua haijatawanyika sawasawa kuzunguka wastani. Ina siku nyingi ndogo na chache kubwa mno. Ukipandisha makosa kwa mraba, siku mbili za mafuriko zinaamua matokeo ya mwaka mzima. Baya zaidi, kipimo hiki kinapenda anayebahatisha katikati. Makadirio yanayoona ngurumo ya kweli lakini kilomita kumi pembeni yanaadhibiwa mara mbili: kwa kukosa pale na kwa kuzusha hapa. Yanayonyunyiza mvua nyepesi kila mahali yanaadhibiwa kidogo.

Pia makosa ya mvua hukua na mvua yenyewe. Kosa la milimita 5 si sawa siku ya milimita 6 na siku ya milimita 80. Kwa siku ambazo pande zote zina mvua, fanya kazi kwa logi au kwa uwiano. Na toa angalau namba tatu pamoja: upendeleo wa jumla (setilaiti inazidisha au inapunguza kwa ujumla), uhusiano, na kama mtawanyiko wa setilaiti unafanana na wa vituo. Kipimo cha Kling na Gupta cha 2009 hukusanya hizo tatu kuwa moja, lakini namba moja ikiwa mbaya inabidi uzifungue tena ujue ni ipi iliyoharibu.

13. Mstari wa rigresheni una mteremko wa 0.7. Setilaiti inapunguza mvua kwa asilimia 30?

Si lazima. Ukiweka kipimamvua kwenye mhimili wa chini, unadhani kwamba hakina kosa. Lakini kinalo, kama tulivyoona swali la 8. Asilimia 30 ya mtawanyiko wake ikiwa ni kelele za nukta dhidi ya eneo, mteremko utakuwa 0.7 hata kama setilaiti inajua wastani wa kweli wa pikseli kila siku. Geuza mihimili uone: setilaiti ile ile itakupa mteremko wa 1. Kwa upendeleo wa jumla, gawanya jumla kwa jumla. Rigresheni iache.

## Hali ngumu

14. Kituo changu tayari kimo ndani ya data ninazozipima. Kuna shida?

Kubwa. CHIRPS huchanganya setilaiti na vituo. IMERG ya mwisho, inayotoka baada ya miezi mitatu na nusu hivi, hurekebishwa kwa jumla za mwezi za vituo zinazokusanywa na GPCC ya Ujerumani. Kituo chako kikiwa kwenye orodha hizo, unakilinganisha na kivuli chake mwenyewe. Matokeo yatakuwa mazuri, nayo hayatakuambia chochote kuhusu kijiji kisicho na kituo, ambako ndiko hasa setilaiti inahitajika.

Angalia orodha ya vituo kabla ya kuanza. Kama kimo, tumia IMERG ya mapema (saa nne hivi baada ya tukio), au vituo ambavyo havijawahi kutumwa nje ya nchi: vya mashamba ya chai, misheni, viwanda vya sukari, mamlaka za mabonde. Bei yake ni kwamba lazima uvisafishe kwa mkono.

15. Nimesikia njia ya kulinganisha vyanzo vitatu bila kuhitaji ukweli. Ni kweli?

Ni kweli kwa masharti. Ukiwa na vyanzo vitatu ambavyo makosa yake hayahusiani, unaweza kukokotoa ukubwa wa kosa la kila kimoja kutokana na jinsi vinavyokubaliana viwili viwili. Stoffelen aliitumia kwa upepo wa baharini 1998, baadaye ikaletwa kwenye mvua, mara nyingi kwa data zilizogeuzwa logi. Lakini kuchukua vituo, CHIRPS na IMERG ya mwisho kama "vyanzo vitatu" ni kosa, kwani zote tatu zimekunywa kisima kimoja. Vituo, makadirio ya mikrowevu matupu na modeli ya hali ya hewa vina nafasi nzuri zaidi. Ukilipuuza sharti hili, chanzo kinachofanana na vingine ndicho kitakachotoka mshindi.

16. Kwa nini milimani setilaiti inakosa mvua nyingi?

Usambara, Uluguru na mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua kutokana na upepo wa Bahari ya Hindi unaolazimishwa kupanda. Mawingu yake mara nyingi ni mafupi, vilele vyake si baridi na hayana barafu nyingi. Infraredi haioni kilele baridi, mikrowevu haioni barafu, na rada ya angani haioni vizuri tabaka la chini kabisa kwa sababu ya mwangwi wa mlima wenyewe.

Takwimu nazo zinaleta lao. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mwendo mfupi tu nyuma ya milima nyika ya Mkomazi ni kame. Pikseli inayoshika sehemu ya mteremko na sehemu ya tambarare haina wastani unaomfaa mkulima yeyote kati ya hao. Usitoe namba moja ya upendeleo kwa mkoa wa Tanga. Tenganisha vituo kwa mwinuko na kwa upande wa mlima.

17. Na Ziwa Victoria?

Nchi kavu kuzunguka ziwa, mvua hufika kilele alasiri na jioni. Juu ya maji hufika usiku na alfajiri, pepo za nchi kavu zinapokutana ziwani. Pikseli ya ufukweni ina nyakati mbili tofauti za mvua ndani yake, na mikrowevu inalazimika kuisoma nusu kama maji, nusu kama ardhi. Tatizo la swali la 5 hapa huwa kali kuliko kwingine, kwa sababu mvua nyingi ya Bukoba huangukia saa zile zile ambazo tarehe mbili hazikubaliani. Katikati ya ziwa hakuna vipimamvua. Vilivyopo ni vya visiwani, navyo vinapima kisiwa.

18. Maeneo makavu kama Turkana setilaiti inazidisha. Sababu?

Mvua inaonekana mawinguni lakini inakauka hewani kabla ya kufika chini. Ongeza mawingu membamba ya juu, baridi lakini matupu, ambayo infraredi inayahesabu.

19. Naweza kutumia data hizi kuonyesha kwamba masika yanapungua?

Kwa tahadhari kubwa. Kupungua kwa masika kuanzia miaka ya 1980 hadi 2000 na kitu kumejadiliwa sana, lakini mwelekeo unaouona kwenye data zilizochanganywa unaweza kuwa wa vyombo. Vituo vinavyoripoti vilipungua katika kipindi hicho hicho. Meteosat ilibadilisha kizazi. TRMM ilipandishwa Agosti 2001 kutoka kilomita 350 hadi 402 hivi ili kuokoa mafuta, na rada yake ikawa inaona nukta pana kidogo kuliko awali.

Rwanda ni mfano mkali zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 mtandao wa vituo ulivunjika, na kwa takriban miaka 15 data zake ni chache mno. Mradi wa ENACTS ulijaza pengo kwa setilaiti iliyorekebishwa kwa vituo vya kabla na baada. Ni kazi nzuri, lakini anayepima mwelekeo kupitia pengo hilo lazima aonyeshe idadi ya vituo kwa kila mwaka kwenye grafu ile ile. Kama mruko wa mvua unaangukia mwaka ule ule wa mruko wa vituo, asichapishe kwanza.

20. Bima yetu inalipa kwa setilaiti, lakini shamba langu lilikauka na haikulipa. Takwimu zinasemaje?

Shamba lako ni nukta, fahirisi (namba ya setilaiti inayoamua malipo) ni eneo. Swali la 1 limejirudia, safari hii na pesa ndani. Wastani mzuri wa nchi hausaidii hapa. Muulize anayeuza bima jambo moja: katika miaka ambayo wakulima wa kata hii wanakumbuka ukame, fahirisi ingelipa mingapi? Hicho ni kile kipimo cha "siku zilizonaswa" cha swali la 11, ila kwa miaka. Miaka mibaya ni michache, hivyo jibu litakuwa na shaka pana, na mkataba uionyeshe shaka hiyo.

21. Kituo chetu kimefungwa. Naweza kuendeleza rekodi kwa setilaiti?

Usiunganishe kwenye safu ile ile. Fungua safu ya pili. Chukua miaka ambayo vyote viwili vilikuwepo, rekebisha setilaiti kwa kila mwezi au msimu peke yake, na iache miaka michache nje ya marekebisho ili uipime kwayo. Hata baada ya hapo siku za mvua zitakuwa nyingi kuliko za kituo, na siku kubwa zitakuwa ndogo, kwa sababu eneo halifurikwi kama nukta. Kwa jumla za msimu utapata kitu kinachotumika. Kwa kukadiria mvua ya mara moja katika miaka 50 kwa ajili ya kalvati, tumia rekodi ya zamani ya kituo hata kama ni fupi, na upige simu uulize kama kile kipimamvua bado kipo ghalani.